Kijiji kinachochanga kabla ya msiba

Dunster ni kijiji kidogo, wakazi wake hawafiki elfu moja. Kimekaa chini ya kilima chenye ngome, pembezoni mwa nyika za Exmoor, katika mkoa wa Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza. Siku nyingi za mwaka ni mahali pa watalii wa kawaida: wanapanda ngomeni, wanakunywa chai, wanapiga picha soko la kale la mbao, wanaondoka. Lakini Ijumaa na Jumamosi ya kwanza ya kila Desemba barabara zake hufurika watu, mishumaa huwashwa mitaani na madirishani, na michango inayokusanywa huenda kwa St Margaret's, hospisi inayowahudumia watu wa Somerset wenye magonjwa yasiyoponyeka. Wenyeji wanaiita Dunster by Candlelight. Wameifanya tangu miaka ya 1980, na watoto waliobebwa mabegani kwenye jioni zile za mwanzo sasa wanakuja na watoto wao.

Ninawaandikia watu wa kwetu, kwa kuwa tangu niione jioni hii nina swali ambalo halinitoki kuhusu namna sisi tunavyochanga.

Kazi yangu ni uhudumu wa majumbani. Ninawaogesha wazee, ninawalisha, ninawageuza kitandani ili wasipate vidonda, ninaandika kwenye daftari la mgonjwa alichokula na alivyolala. Waafrika Mashariki wengi tulioko Uingereza tumeingia kwa mlango huu, na upande huu wa Somerset unatuhitaji, maana West Somerset imehesabiwa kwa miaka kati ya maeneo yenye wazee wengi zaidi nchini. Vijana wanakwenda Bristol, Exeter, London. Wazee wanabaki na bustani zao, mbwa wao, na barabara nyembamba ambazo magari mawili hayapishani. Hospitali kubwa iko Taunton, zaidi ya kilomita 30 kutoka Dunster, na usiku wa baridi kilomita hizo ni nyingi mno kwa mtu anayepumua kwa shida. Kwa hiyo hata kabla sijaijua hiyo jioni ya mishumaa, nilikuwa nimeshakutana na watu wa hospisi. Nilikuwa nawakuta kwenye nyumba za wagonjwa wetu, wamekaa ukingoni mwa kitanda bila haraka.

Aliyeniambia niende ni mama mmoja mtu mzima tunayefanya naye kazi, mzaliwa wa huko huko. Alisema nivae soksi mbili na nije na sarafu.

Desemba huku jua huzama kabla hujamaliza kazi za mchana. Saa kumi na robo giza limeshaanza kushuka, na saa kumi na moja ni usiku kamili. Magari yanaachwa nje ya kijiji na watu wanaletwa kwa mabasi, kwa hiyo ukishuka unaingia moja kwa moja kwenye giza lenye nuru ndogondogo, na harufu ya nta, moshi wa kuni na nyama ya kuchoma. Siku ya Ijumaa shughuli hufunguliwa na maandamano ya taa. Watoto na wazazi wao wanashuka kuingia High Street, kila mmoja na taa yake, na kati yao wamo watu waliopanda mironjo, wamevaa mavazi ya rangi kali, wanainama kuwasalimia watoto waliobebwa juu. Kuna wachezea moto, kuna bendi ya matarumbeta, kuna vikundi vya waimbaji wanaohama kutoka kona hadi kona. Wenye maduka wengi hukaa milangoni wamevaa mavazi ya enzi zilizopita.

Mahali penyewe panasaidia. High Street ya Dunster ni pana, nyumba zake za kale zimesogeleana pande zote mbili, na mwisho wake unaiona ngome juu ya kilima. Katikati ya barabara limesimama lile soko la mbao la pembe nane, lililojengwa mwaka 1609 wakati kijiji kikiishi kwa biashara ya vitambaa vya sufu. Wauzaji walijikinga mvua chini ya paa lake. Boriti moja bado ina tundu la mzinga wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640, ngome ilipozingirwa na jeshi la Bunge lililokuwa likipigana na mfalme. Ngome ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Luttrell kwa karne sita, kuanzia 1376 hadi 1976 ilipokabidhiwa kwa National Trust, shirika la kutunza majengo na maeneo ya kale. Ninayataja haya kwa kuwa watu wa pale wanayataja wenyewe, na kwa fahari. Kijiji ambacho kimetunza boriti yenye tundu la mzinga si ajabu kikatunza na desturi yake ya Desemba.

Nilipita kanisa la Mtakatifu George, ambako watu walikuwa wamejibana kwenye viti wakisikiliza kwaya. Mimi ni Mwislamu wa Tanga na Krismasi si sikukuu yangu, lakini hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Nje walikuwa wakiuza mvinyo wa moto uliotiwa viungo, na juisi ya tufaha iliyochemshwa kwa mdalasini na karafuu. Nikachukua juisi. Somerset ni nchi ya matufaha, na wale waliokuja na karafuu mezani pao hawakujua kwamba wamenipa harufu ya Pemba.

Halafu zikaja ndoo za michango.

Ziko kila mahali, zimeshikwa na watu wazima kwa vijana, wengine na mashine ndogo ya kugusisha kadi. Hakuna anayekufukuzia. Mtu anasimama na ndoo yake karibu na mshumaa, anakusalimu, na ukitaka unatumbukiza. Nilisimama kando ya mzee mmoja aliyeshika ndoo kwa mikono yote miwili, amevaa kofia ya sufu iliyomshuka hadi kwenye nyusi. Kazi yangu imenizoesha kuzungumza na wazee, nikamuuliza kama amechoka. Akasema hapana, ndoo ni ya mke wake. Mkewe alifariki nyumbani, kitandani kwake, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama bustani, na nesi wa hospisi alikuwa anakuja hata usiku. Tangu hapo kila Desemba yeye husimama. Aliyasema kwa sauti ya kawaida tu, huku mtoto akimpita na taa na kumtumbukizia sarafu, naye akakatiza habari za mkewe ili amshukuru mtoto kwanza.

Ningependa nieleze kinachonunuliwa na sarafu hizo, kwa kuwa mtu asiyekiona anaweza kudhani hospisi ni jengo la kwenda kufia. Jengo lipo, na vitanda vipo kwa wale ambao maumivu yao yameshindikana nyumbani. Lakini wagonjwa wengi wa hospisi nchini Uingereza wanahudumiwa wakiwa kwao. Nesi anakuja, anauliza maumivu yako wapi, yanaanza saa ngapi, yanapungua ukilala upande gani. Anapanga dawa kwa saa, ili dozi inayofuata iingie kabla maumivu hayajarudi. Mgonjwa asiyeweza tena kumeza anawekewa pampu ndogo ya betri yenye sindano, inayomwingizia dawa chini ya ngozi polepole kwa saa 24. Kwenye kabati la nyumba kinaachwa kisanduku chenye dawa za kutumia ghafla, za maumivu, kichefuchefu, wasiwasi na makohozi, ili hali ikibadilika usiku wa manane asitafutwe mfamasia. Na kuna simu ya kupiga ambayo upande wa pili inapokelewa na mtu anayejua.

Nimeyaona haya kwa macho yangu. Nimemwona nesi akimfundisha mume wa miaka themanini na kitu namna ya kulowesha midomo ya mke wake kwa sponji ndogo, kwa kuwa hanywi tena lakini mdomo unakauka. Alimwachia afanye mwenyewe. Angeweza kuifanya kwa nusu dakika na kuondoka. Alikaa mpaka mikono ya yule mzee ikaacha kutetemeka. Baadaye jikoni akamuuliza yeye amekula nini siku hiyo, na alipojibu kwamba hakumbuki, nesi akamchemshia supu. Kazi hiyo ya jikoni haiandikwi kwenye cheti cha dawa, na ndiyo iliyomwezesha yule mume kuwa macho na mwenye nguvu usiku ambao mkewe alimhitaji.

Familia hailipi chochote kwa hayo. Na serikali hailipi yote. Hospisi za watu wazima Uingereza hupata kwa wastani karibu theluthi moja tu ya fedha zao kutoka serikalini, kiasi kinachobaki wanakitafuta wenyewe kwa maduka ya mitumba, bahati nasibu, wosia wa marehemu, mbio za miguu, na jioni kama hii ya Dunster. Ziko zaidi ya hospisi 200 nchini na karibu zote zinaishi hivyo. Nyingi hufanya Desemba iwe mwezi wa kuwasha taa kwa majina: familia inachangia, na taa moja juu ya mti inawaka kwa ajili ya mtu wao aliyeondoka.

Chimbuko la hospisi hizi nalo lina mchango ndani yake. Cicely Saunders alizaliwa mwaka 1918, akasomea unesi, kisha kazi za ustawi wa jamii hospitalini. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikutana na mgonjwa mmoja London, Myahudi wa Poland aliyeitwa David Tasma, mkimbizi kutoka Warsaw, asiye na ndugu hapo, anakufa kwa saratani. Walizungumza sana kuhusu mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kumalizia siku zake bila maumivu na bila upweke. Tasma alifariki mwaka 1948 akamwachia pauni 500, akisema atakuwa dirisha katika nyumba hiyo ya Saunders. Nyumba yenyewe haikuwepo. Saunders alirudi darasani akawa daktari, akafanya kazi na kujifunza katika nyumba za wagonjwa mahututi, akathibitisha kwamba mofini, dawa kali ya maumivu, ikitolewa kwa mdomo na kwa saa zake mgonjwa hubaki na akili yake timamu. Akatafuta fedha, na mwaka 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's, kusini mashariki mwa London. Miaka 19 ilikuwa imepita tangu Tasma atoe pauni zake. Saunders mwenyewe alifariki humo humo mwaka 2005. Yeye ndiye aliyewafundisha madaktari kwamba maumivu ya anayekufa yana pande nyingi kwa pamoja: mwili, moyo, roho, na mahangaiko ya wale anaowaacha.

Kila nikifikiria habari hiyo ninabaki kwa Tasma. Hakuwa na kitu, alikuwa kitandani, na alichangia huduma ambayo yeye mwenyewe asingeipata.

Nilimpigia mama yangu Tanga baada ya ile jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi haijakumaliza?"

Nikamweleza mishumaa, mironjo, watoto, matarumbeta, yule mzee na ndoo yake. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo nilijua litakuja: watu wanacheza ngoma barabarani, na hao wagonjwa wanawasikia? Kwa mama, ugonjwa wa kufa unaongewa kwa sauti ya chini, ndani, na watu wanaoaminika. Kuuwekea matarumbeta kunamtisha. Nikamwambia baadhi ya wagonjwa huletwa kwenye viti vya magurudumu wamefunikwa blanketi, wanatazama, wanarudishwa mapema. Nikamwambia pia kwamba hakuna hotuba ya kifo mle. Jina la hospisi limeandikwa kwenye ndoo na kila mtu anajua maana yake.

"Basi ni kama maulidi," akasema. "Watu wanakuja kwa furaha yao, na sadaka inapatikana."

Nilifurahi sana kulisikia hilo, maana ameliona mara moja jambo ambalo mimi lilinichukua muda. Ombi la huzuni mtu analijibu mara moja, labda mbili, halafu anaanza kukwepa simu. Sherehe anairudia kila mwaka bila kuitwa, anakuja na watoto, na watoto wanakua wakijua kwamba Desemba ni ya taa na ya hospisi. Mchango unakuwa na siku yake kwenye kalenda. Hauhitaji msiba ili uanze.

Na hapo ndipo swali langu lilipo. Sisi ni watu wa kuchanga. Sijaona mahali watu wanaochanga kama kwetu, kwa utajiri tulionao na kwa umaskini tulionao. Kila mtaa Tanzania una kikundi cha kufa na kuzikana, chenye mwenyekiti, katibu, mshika fedha, na katiba iliyoandikwa kwa mkono au kuchapwa. Simu ya msiba ikilia usiku, alfajiri turubai limeshafungwa, viti vimeshaletwa, sufuria kubwa ziko mekoni. Huku ughaibuni tunayo makundi ya WhatsApp ambayo yanaweza kukusanya fedha za kusafirisha maiti kutoka Birmingham hadi Bukoba ndani ya siku chache. Ninajivunia hilo kwa moyo wote.

Lakini nimeona upande wa pili nyumbani kwetu wenyewe. Baba mkubwa alipata saratani ya tezi dume, ikaingia kwenye mifupa. Alipelekwa hospitali, familia ikaambiwa hakuna la kufanya zaidi, akarudishwa nyumbani. Alikaa kwenye kitanda cha kamba chumba cha uani kwa miezi, anameza vidonge vya kawaida vya maumivu ambavyo havikugusa maumivu yale. Usiku majirani walimsikia. Mke wake, mama mkubwa, alimgeuza peke yake, akafua mashuka peke yake, akauza kuku mmoja mmoja ili alipe bodaboda ya kufuata dawa. Watu walikuja kumjulia hali, ndiyo. Walileta ndizi, machungwa, dua. Hakuna aliyekuja na daftari.

Daftari lilikuja siku alipofariki. Lilikuja na kalamu yake na meza yake ndogo chini ya mwembe, na kila jina likaandikwa na kiasi chake. Watu walitoa kwa upendo wa kweli. Kulikuwa na ubani, kulikuwa na wali na nyama ya hitma, kulikuwa na gari la kuwaleta jamaa wa Handeni, na arobaini yake ilisomwa kwa heshima zote. Nami nilituma fedha, nyingi kuliko nilizowahi kutuma alipokuwa hai na anaugua. Nikifanya hesabu, fungu dogo tu la kile kilichokusanywa kwa siku tatu zile lingelipia nesi, nauli, mofini ya maji, glavu na godoro zuri kwa muda wote aliolala.

Sisemi haya kwa kulaumu mazishi. Kumzika mtu vizuri ni haki yake. Ninasema kwamba ukarimu upo, mpangilio upo, daftari lipo, na kwamba vyote vinamfikia mtu akiwa hawezi tena kuhisi chochote.

Wala huduma yenyewe si ya Wazungu peke yao, jambo ambalo wengi kwetu bado hawalijui. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na hapo mofini ya unga huchanganywa na maji, ikatiwa rangi kutofautisha nguvu yake, ikawekwa kwenye chupa za kawaida ambazo mgonjwa anaweza kuzitumia nyumbani kwa kipimo cha kunywa. Ni dawa ya gharama ndogo. Uganda ikaenda mbali zaidi kwa kuwaruhusu manesi waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyepona, kuandika mofini wao wenyewe, kwa sababu vijijini daktari yuko mbali na maumivu hayasubiri. Tanzania nako tiba shufaa inatolewa: hospitali ya saratani ya Ocean Road pale Dar es Salaam, hospitali za Kilutheri kama Selian ya Arusha, na katika mkoa wangu, Muheza, ambako huduma ya hospisi ilikua kwa msaada wa watu wa Hereford, mji wa Uingereza ulio na urafiki wa miaka mingi na hospitali ile. Nilipoligundua hilo nikiwa Somerset nilikaa kimya kwa muda. Sarafu za watu wa Hereford zimefika Muheza, kwa wagonjwa wanaozungumza Kiswahili changu, na baba mkubwa alikuwa anaugua mkoa huohuo bila sisi kujua kwamba kuna mlango wa kubisha.

Sitaki kuipamba Uingereza. Haki ya mtu kufa bila maumivu kutegemea hali ya hewa ya Ijumaa moja ni jambo baya. Mvua ikinyesha, watu wanabaki majumbani na ndoo zinarudi nyepesi, wakati wagonjwa ni walewale na mishahara ya manesi ni ileile. Desemba 2024 serikali ilitangaza pauni milioni 100 kwa hospisi za England, lakini kwa majengo na vifaa, na kinachozielemea hospisi ni kulipa watu. Nchi tajiri inayolipia watoto wanaozaliwa hospitalini ingeweza kulipia pia wanaoondoka. Manesi ninaokutana nao wanalijua hili na wanalisema, kisha wanavaa makoti na kwenda kushika ndoo, maana mgonjwa wa leo hawezi kusubiri bajeti ya mwakani. Ninawaheshimu kwa yote mawili, kwa kusema na kwa kushika.

Kwetu bajeti iko mbali zaidi, kwa hiyo nikarudi kwenye kile tulichonacho. Nilimwomba mama anisomee katiba ya kikundi chao. Akaisoma kwenye simu, kifungu kwa kifungu. Mwanachama akifa, kiasi hiki. Mwenza wake akifa, kiasi hiki. Mzazi, mtoto, mkwe. Kuna kifungu cha sanda na kifungu cha maturubai. Cha mgonjwa ni kimoja: akilazwa hospitali, wanachama watamtembelea na kumpa pole. Aliyerudishwa nyumbani kwa sababu hospitali imemaliza kazi yake hayumo kabisa.

Mama alipeleka jambo hilo kwenye kikao. Mimi nilidhani watalikataa kwa hofu ya kumtabiria mtu kifo, na kweli mzee mmoja alisema kumchangia mtu akiwa hai kwa ugonjwa wa namna hiyo ni kumchimbia kaburi mapema. Aliyemjibu ni mama mkubwa. Yeye huwa hasemi vikaoni. Alisimama akaeleza bei ya bodaboda kwenda kufuata dawa na kurudi, na idadi ya kuku aliokuwa nao kabla mumewe hajaugua na waliobaki, kisha akaketi. Mama anasema hakuna aliyeongeza neno kwa kitambo.

Baada ya hapo wakaingia kwenye mambo ya kazi. Mshika fedha akauliza nani atathibitisha kwamba mgonjwa ni wa kitandani, asije mtu akajilaza wiki moja kwa homa na kudai. Wakataja nesi wa zahanati. Katibu akauliza kama fedha itatoka kwenye mfuko wa mazishi au itachangwa pembeni, na hapo wakabishana sana, kwa sababu mfuko wa mazishi hakuna anayetaka uguswe. Binti mmoja mwalimu akapendekeza siku maalumu ya mwaka, yenye kaswida, chakula cha kuuza na watoto wa madrasa na wa shule ya Jumapili pamoja, mapato yote yaende kwa wagonjwa wa nyumbani. Mama akawasimulia habari za Dunster, na kwa maelezo yake ya simu kijiji kile kimekuwa na mironjo mirefu kuliko niliyoiona.

Hawajaamua. Kikao kingine kiko mwezi ujao, na mama ameagiza nimpelekee mambo mawili kabla ya siku hiyo. La kwanza ni namba ya kuwapata watu wa hospisi ya Muheza, ili aje mtu awaeleze mofini ni nini na kwa nini isiogopwe. La pili ni orodha ya mahitaji ya mgonjwa wa kitandani kwa mwezi mmoja, na bei zake za Tanga, si za Uingereza. Orodha nimeshaianza kwa msaada wa dada yangu anayepita sokoni kuuliza bei: mpira wa kutandika kitandani, glavu, sabuni ya kufulia, mafuta ya kupaka mgongoni, nepi za watu wazima, mito miwili ya kuegemeza miguu, nauli ya nesi mara nne, na mwanamke wa kulipwa alale pale siku mbili kwa wiki ili mwenye mgonjwa naye apate usingizi.